Vizazi Vitatu

Fomu ilirudi kwa mara ya tatu siku ya Jumatano, imejaa alama nyekundu kama daftari la mtoto mtoro. Fundi aliipokea dirishani, akaisoma amesimama, kisha akaenda kwenye benchi akaisoma tena amekaa, maana mambo mengine hubadilika ukikaa. Haya hayakubadilika.

Mbele ya "Bibi mzaa mama" alikuwa ameandika: alikufa kwa damu. Kalamu nyekundu iliuliza: damu ya wapi? Mbele ya "Mama mzazi": alikufa kwa mgongo. Kalamu: mgongo si ugonjwa, ni mahali. Mbele ya "Mama mkubwa": mzima, hana watoto. Kalamu, bila haya: kwa nini? Mbele ya "Mama mdogo": mzima. Kalamu: mzima kabisa? Na mbele ya "Wewe mwenyewe" alikuwa ameandika: mzima. Hapo kalamu haikuuliza kitu.

Alirudi dirishani.

"Dada, mimi natengeneza jenereta," akasema. "Mteja akiniletea jenereta akasema imekufa kwa moshi, simrudishi nyumbani akaulize ukoo wake. Naifungua."

Muuguzi aliyekuwa nyuma ya kioo alivua miwani, ikabaki inaning'inia kwa kamba shingoni. Wagonjwa walimwita Dada Ukoo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora familia za watu: mwanamke duara, mwanamume mraba, mgonjwa anatiwa wino ndani, marehemu anapigwa mstari.

"Na mimi nafungua hivyo hivyo, Fundi. Marehemu siwezi kuwafungua. Nafungua walio hai, na walio hai ndio nyinyi msiotaka kusema."

"Nimesema kila ninachojua."

"Basi unajua kidogo. Nenda kaulize. Vizazi vitatu, upande wa mama, kila mtu alipata nini na akiwa na umri gani. Sanduku la sampuli linaondoka kwenda maabara Ijumaa saa nane mchana. Likiondoka, jingine ni baada ya miezi mitatu. Na kamati ya vipimo haitii chupa sandukuni bila fomu kamili, hata ukiniletea rais."

"Binti yangu je? Mpimeni yeye peke yake. Damu anayo tele."

Dada Ukoo alishusha pumzi. Swali hilo alikuwa amelijibu mara tatu, na safari hii alilijibu polepole. "Tumpime tutafute nini? Mwili umeandikwa kama maktaba nzima. Tukiona herufi iliyokosewa kwenye damu ya mjomba wake, tutajua ukurasa. Kisha kwako tutafungua ukurasa huo mmoja, na kwake huo huo. Bila ukurasa tutakuwa tunatafuta punje ya chumvi kwenye gunia la sukari."

Fundi aliikunja fomu akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, pamoja na bisibisi.

Mjomba mwenyewe ni Spika. Walizaliwa wawili tumboni mwa mama mmoja: Fundi, na miaka minane baadaye Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akinong'ona jirani anaitikia. Wiki tano kabla, Spika alitolewa figo ya kushoto ikiwa na donge kubwa kama ngumi. Alizinduka akamwambia muuguzi, "Kuanzia leo mniheshimu, mimi ni mtu wa figo moja," na wodi nzima ikacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameziona picha.

Kabla ya upasuaji walimdunga Spika sukari ya kupimia, wakampitisha kwenye mashine, na pale kwenye figo donge likang'aa kama taa ya barabarani.

"Mdogo wangu hana kisukari," Fundi alimwambia daktari.

"Si kisukari. Donge ndilo linalokula sukari, tena linakula kuliko jirani zake wote. Ila halichomi vizuri. Linachoma nusu."

"Moshi mweusi," akasema Fundi.

"Nini?"

"Jenereta ikipata mafuta mengi na hewa kidogo, inatoa moshi mweusi. Inakula sana, inafanya kazi kidogo."

Daktari, kijana aliyechoka mwenye kalamu tatu mfukoni, alivuta kiti. "Sawa. Sasa ajabu yake ni hii: hewa ipo. Damu imeijaa. Lakini seli ya saratani inaamini haina. Kuna kidude ndani yake kinachopima hewa, na kidude hicho kimedanganyika. Kwa hiyo seli inapiga kelele iletewe mishipa mipya, iletewe sukari, na mwili kwa wema wake unaleta."

"Boya," akasema Fundi.

"Unanitukana, mama?"

"Hapana, daktari! Ndani ya kabureta kuna boya dogo linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yakijaa, linapanda, linafunga mlango. Likitoboka linazama, basi linadhani bakuli ni tupu siku zote. Mafuta yanamwagika hadi sakafuni, na boya bado linalia njaa."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi, huenda ni hicho. "Basi saratani nyingi za figo ni ugonjwa wa boya. Sisi tunasema ni ugonjwa wa umetaboli, wa namna mwili unavyochoma chakula. Swali ni nani alilitoboa. Kwa mzee linaweza kutoboka lenyewe. Mdogo wako ana miaka thelathini na mitatu, na seli zake zina sura ya ajabu chini ya hadubini. Nadhani ni jambo la ukoo."

Kisha akaeleza, na Fundi alielewa kila neno, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kila jeni tunazo nakala mbili, ya baba na ya mama. Ukirithi moja mbovu unaishi na ile nzima, kama gari linalotembea na tairi ya akiba. Siku ile nzima ikiharibika kwenye seli moja tu ya figo, donge linaanzia hapo. Jeni za namna hiyo ni kadhaa, na kila moja ina tabia yake. Nyingine donge lake linakua taratibu, unaweza kulingoja. Nyingine linasambaa likiwa bado dogo kama punje ya harage, halingojwi hata wiki.

"Na mimi?"

"Nusu kwa nusu."

"Binti yangu?"

"Kama wewe unayo, nusu kwa nusu tena. Akijulikana anayo, tunampiga picha kila mwaka kuanzia sasa, tunaliwahi. Akijulikana hana, tunamwacha akaishi maisha yake. Kibaya ni kutojua."

Binti ana miaka kumi na sita. Tangu siku ile Fundi alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani: kujua binti yake ni yupi kati ya hao wawili. Na kati yake na jibu ilisimama karatasi moja, kurasa mbili, na ukoo wa watu wasiotaka kusema marehemu alikufa kwa nini.

Ukoo wenyewe ulikuwa na lugha yake. Mtu hakufa kwa ugonjwa. Alilala tu. Alizidiwa. Maji yalizidi unga. Mama yao, aliyekufa Spika akiwa darasa la saba, alikufa kwa mgongo, na ukiuliza mgongo gani unaambiwa "mwache mama yenu apumzike," kana kwamba swali litamwamsha.

Alasiri ile ya Jumatano, karakana ikiwa imepoa na jenereta ya kiwanda cha mikate imefumuliwa juu ya meza, Fundi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akatoa simu, akafungua kundi la familia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika:

"Ndugu zangu, salaam. Hospitali wanataka habari za vizazi vitatu vya upande wa mama. Wanataka kujua kila kimoja kilipata nini na lini. Mwenye kujua aseme, asifiche. Hakuna aibu, sote ni watu wazima. Mwisho ni Ijumaa."

Akaweka simu kando, akaanza kusugua vali.

Jibu la kwanza lilikuwa picha ya mikono inayoomba. La pili, kutoka kwa shemeji mmoja, liliuliza kama huo ni mchango na unakwenda kwa nani. La tatu lilimtakia heri ya kuzaliwa mtoto wa mtu mwingine. Spika akatuma sauti ya dakika mbili akiimba. Fundi aliwatazama wote kwenye kioo kile kidogo akatamani kuwapiga kwa spana.

Kisha Mama Mdogo akaandika. Mama Mdogo ndiye Gazeti wa ukoo. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana limechapwa. Aliandika maneno machache kuliko yote aliyowahi kuandika: "Dada, haki ya Mungu mimi sijasema kitu."

Na chini yake, baada ya dakika moja: Mama Mkubwa ameondoka kwenye kundi.

Fundi alisugua vali ileile mara mbili. Alipopiga simu kwa Mama Mkubwa haikupokelewa. Alipopiga kwa Gazeti, ilipokelewa kabla haijalia.

"Nani amekuambia?" Gazeti alikuwa akinong'ona.

"Ameniambia nani nini, Mama Mdogo?"

"Habari za vizazi!"

"Ni yule Dada Ukoo wa hospitali. Ndiye anayevitaka."

"Hospitali? Kwani mafaili bado wanayo?"

"Mafaili gani?"

Simu ikakatika. Mtu ambaye hajawahi kukata simu kwa hiari yake, aliyewahi kuongea na namba iliyokosewa nusu saa nzima, alikata.

Nyumbani, binti yake alikuwa ametoka kuoga na alikuwa ameushika mkono wa kushoto kama mtu aliyegonga ukuta.

"Mama, maji ya baridi yananiua. Hivi vipele vya kiwiko vinauma kama sindano."

Fundi aliuvuta mkono kwenye mwanga wa dirisha. Vipele viwili, vigumu, vyekundu kidogo, vidogo kama kichwa cha kiberiti. Yeye mwenyewe alikuwa navyo kumi na kitu begani. Mama yake alikuwa navyo. Spika alikuwa navyo mgongoni.

"Ah, shanga," akasema. "Shanga za bibi. Umevalishwa sasa, umekuwa mwanaukoo kamili. Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Basi vaa sweta," akasema Fundi, akarudi kwenye fomu.

*

Alhamisi aliacha karakana, akaenda kwa Mama Mkubwa. Huyu ndiye dada mkubwa wa mama yake, mwanamke mrefu aliyefanya kazi ya masjala miaka thelathini na minane. Alipokea mafaili, akayatia namba, akayapanga, akayafunga. Alikuwa na msemo wake: masjala inasikia, haisemi. Mumewe alikwishakufa, mtoto hakupata, na nyumba yake ilikuwa imenyooka kama rafu.

Alimkuta barazani, kiti kimewekwa katikati ya mlango.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu vizazi?"

"Nimekuja kuulizia, ndiyo. Ni vitatu tu, Mama, sijaomba kumi."

"Vitatu tu! Hebu msikie. Vitatu tu, kama vifungo vya shati. Na unaviweka kwenye simu, mashemeji wasome!"

"Mashemeji wana shida gani? Na wao wana vyao."

Mama Mkubwa alishika kifua. "Mwanangu, shule ilikusomesha au ilikuharibu?"

"Mama Mkubwa, sina siku nyingi. Kesho saa nane sanduku linaondoka. Kizazi cha kwanza ni Bibi. Cha pili ni nyinyi. Cha tatu ni sisi, na hicho nakijua, chenye matatizo ni cha Spika."

Kuku wa jirani alipita, akatazama, akaendelea na safari yake.

"Spika," akasema Mama Mkubwa polepole, "ana kizazi?"

"Si ndiye mgonjwa?"

"Tangu lini mwanamume akawa na kizazi?"

Fundi aliupitisha ujumbe wake kichwani, neno kwa neno, kama anayefuata waya ulioungua hadi anapofika penye mkato. Vizazi vitatu vya upande wa mama. Kila kimoja kilipata nini na lini. Hakuna aibu, sote ni watu wazima. Upande wa mama walizaliwa dada watatu.

"Mama," akasema, "mimi nilisema kizazi cha watu. Bibi, mama, mtoto. Ukoo. Sikusema tumbo la uzazi."

Uso wa Mama Mkubwa ulikuwa kama wa mtu aliyekimbilia kufunga mlango kumbe mwizi hakuwepo, na sasa, kwa kuufunga kwa kishindo, ameamsha mtaa mzima.

Mwingine angeomba radhi akaaga. Fundi hakuumbwa hivyo. Hajawahi kuacha mashine ikiwa nusu wazi.

"Vilikuwa na nini?" akauliza.

"Nenda nyumbani."

"Vizazi vyenu vitatu. Vilikuwa na nini, hadi Mama Mdogo aulize habari za mafaili?"

"Nimesema nenda nyumbani, we mtoto! Figo ya Spika na tumbo langu wapi na wapi?"

"Sijui wapi na wapi! Ndiyo maana nauliza! Wiki tano naranda kama mbwa wa sokoni, naambiwa alilala, alizidiwa, mgongo, mgongo, mgongo! Kila mtu ananifunikia chungu, na ndani ya chungu yuko mwanangu!"

Alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Mama Mkubwa akanyanyuka, akaingia ndani, na Fundi akadhani amefukuzwa. Akasikia droo ya chuma ikivutwa.

Mtu wa masjala hachomi karatasi. Mama Mkubwa alirudi na jalada la kahawia, limefungwa kwa kamba, juu halina jina wala namba, la pekee maishani mwake lisilo na namba. Ndani mlikuwa na kadi tatu za hospitali. Aliziweka mapajani mwa Fundi, moja moja, kwa mpangilio wa tarehe.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Miaka ishirini na sita. Uvimbe kumi na moja, kizazi kimetolewa. Ya pili ya mama yake Fundi: miaka thelathini na mmoja, miezi mitano baada ya kumzaa Spika. Uvimbe tisa, kizazi kimetolewa. Ya tatu ya Gazeti: miaka ishirini na tisa, baada ya mtoto wake wa pekee.

"Na Bibi?"

"Bibi hakuwa na kadi. Alivuja damu mpaka ikaisha. Mimi ndiye niliyekuwa nafua vitambaa." Mama Mkubwa alikaa. "Mume wangu alijua. Ndugu zake hawakujua. Nilimwambia waache waniite tasa. Tasa wanamwombea. Aliyetolewa kizazi wanamtafutia mke mwenza. Nikawaapisha wadogo zangu wasiseme, mama yako akaapa, Gazeti akaapa. Unamcheka Gazeti? Huyo amelibana hilo kwa miaka thelathini, na likamkereketa kila siku."

"Mama alikuwa na mgongo kweli?"

"Mgongo ulimuuma, ndiyo. Upande mmoja. Na mwishoni mkojo ulikuwa na damu. Tukajua ni yaleyale mambo ya kike yamerudi."

"Hakuwa na kizazi! Mambo ya kike yangerudi wapi?" Sauti ya Fundi ilipanda tena. "Ilikuwa figo, Mama Mkubwa. Figo, kama Spika! Ungesema wakati ule, mtu angemtazama!"

"Nani?" Mama Mkubwa hakupandisha sauti. "Nani angemtazama? Daktari wa siku zile alikata, akashona, akasema funga kanga uende. Nani aliniambia figo na kizazi ni jirani? Nililificha la kwangu, mwanangu. Sikuficha figo ya mama yako. Hilo usinibebeshe."

Fundi alifunga kamba ya jalada, akakosea fundo, akafunga upya.

"Na wewe," akasema Mama Mkubwa, "umeandika nini kwenye hiyo fomu yako? Mbele yako mwenyewe."

"Mzima."

"Mzima. Kila mwezi siku tisa unavaa sketi nyeusi na unakaa ukingoni mwa kiti. Unadhani nimezeeka macho? Umemwambia nani?"

Kuku wa jirani alipita tena akirudi. Fundi alimtazama yeye, kwa kuwa popote pengine pangekuwa na macho ya mwanamke huyu wa masjala.

*

Ijumaa saa sita Mama Mkubwa alikuwa tayari getini, amevaa suti yake ya kazini, ile ya kijivu, na jalada liko kwapani. Hakukubali Fundi alibebe. Foleni ya dirishani ilikuwa na watu kumi na wanne. Mashine ya namba ilikuwa imekwama. Fundi aliifungua kwa bisibisi yake, akavuta karatasi iliyojikunja, ikaanza kutoa namba, na hata hivyo alipewa ya kumi na tano.

Saa saba na robo Dada Ukoo aliwaingiza ndani. Alisoma kadi ya kwanza. Alisoma ya pili na ya tatu. Akaweka kalamu chini.

"Mbona hamkusema haya?"

"Fomu yako inauliza figo," akasema Mama Mkubwa. "Mimi nimefanya kazi na fomu tangu hujazaliwa. Mtu hujibu alichoulizwa."

"Mama, naomba nikuulize jingine. Ngozi. Kuna yeyote katika ukoo mwenye vipele vigumu, vinavyouma kwa baridi?"

Mama Mkubwa alijinyoosha. "Hivyo si vipele. Hizo ni shanga zetu."

Dada Ukoo alikwisha kunyanyua simu. Daktari mwenye kalamu tatu alikuja karibu anakimbia, akatazama kadi, akaomba kuona bega la Fundi, akaliona, akabonyeza shanga moja kwa ncha ya kidole na Fundi akasonya kwa maumivu.

"Ngozi, kizazi, figo," akasema daktari. "Ni jeni moja. Inatengeneza kimeng'enya kimoja kwenye ile njia ya kuchoma chakula. Kikikosekana, chakula kinachomwa nusu, taka ya katikati inarundikana ndani ya seli, na taka hiyo ndiyo inayokwenda kuziba kile kidude cha kupima hewa. Boya lako, Fundi. Halikutoboka. Limegandishwa na uchafu."

"Linatokea hilo," akasema Fundi. "Ukitumia mafuta machafu."

"Sasa najua kamati niwaombe kipimo gani."

"Na hii ni aina ipi? Ile ya kungoja au ile isiyongojwa?"

Daktari hakuremba, na kwa hilo Fundi alimheshimu. "Isiyongojwa."

Fundi alihisi hasira ikimpanda tangu miguuni, hasira isiyo na mtu wa kuibeba. "Wiki tano, daktari. Wiki tano mmeniuliza figo, figo, figo. Shanga ninazo begani hapa! Spika mlimgeuza tumbo na mgongo, anazo tele. Hakuna aliyeuliza!"

"Daktari wa upasuaji aliandika 'ngozi: vipele vya kawaida'," akasema daktari kwa sauti ndogo.

"Vya kawaida!"

"Kwetu ni vya kawaida," akasema Mama Mkubwa. Hakuna aliyecheka.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika thelathini na tano. Dada Ukoo alivuta fomu mpya, maana ile ya zamani haikuwa na nafasi tena. Akaanza kuchora. Duara la Bibi, mstari juu yake. Chini, maduara matatu. Alipofika la kwanza, Mama Mkubwa alinyoosha mkono.

"Hilo ni langu. Nipe kalamu."

"Mama, fomu inajazwa na mhudumu."

"Nipe kalamu, mwanangu."

Alilitia wino mwenyewe, taratibu, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Pembeni, palipokwisha kunakiliwa "hana watoto", aliongeza kwa mwandiko wa masjala: kizazi kilitolewa, miaka 26. Akairudisha kalamu.

Duara la mama yao: kizazi, figo, mstari. Duara la Gazeti. Mraba wa Spika. Duara la Fundi: shanga kumi na tatu begani, hedhi ya siku tisa, hajapimwa. Hilo alilitaja mwenyewe haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa.

Na chini yake, duara dogo la mwisho. Dada Ukoo alilichora, akainua kalamu.

"Huyu hana dalili, eti? Namwacha wazi."

Saa saba na dakika arobaini na mbili. Fundi alilitazama duara lile. Lilikuwa safi. Lingeweza kuondoka hivyo hivyo sandukuni, safi, na hakuna kalamu nyekundu ambayo ingeuliza kitu. Sampuli ya Spika ingekwenda tu. Angepata siku chache zaidi za kuwa na binti asiye na alama popote. Alijua wazi kuwa hakuna ambacho kingeharibika, isipokuwa fomu ingesema uongo, na uongo huo ungekuwa wake. Aliwatukana watu wote wa ukoo kwa wiki tano kwa kufanya jambo hilo hilo.

Mama Mkubwa hakumtazama. Alikuwa akitazama kamba ya jalada, na ndipo Fundi alipojua kuwa anajua.

"Si wazi," akasema Fundi. "Andika. Ana shanga mbili. Kiwiko cha kushoto. Tangu mwezi wa pili."

"Shanga si jibu la mwisho, Fundi. Jibu la mwisho ni damu."

"Najua. Andika."

Dada Ukoo aliandika. Kisha, saa nane ikigonga, akapiga muhuri, akaitia fomu kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa ya damu ya Spika, akatoka nao akikaza mwendo ukumbini, viatu vyake vikipiga sakafu, na kwenye kona mlinzi wa sanduku alikuwa tayari ameshika kifuniko mkononi, akimpigia kelele kuwa hatasubiri mtu.

"Subiri!" akapiga kelele Fundi kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo hata Spika angeiheshimu. "Subiri, sisi ndio tumechelewa!"